Mkutano wa tawi au wa makomredi? Ulinganisho kwa mwenye Jumanne moja tu

Mpwa wangu anafanya kazi ya kea hapa Coventry, katika nyumba ya wazee, zamu za usiku. Wiki iliyopita alinitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ni tangazo la mkutano wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi: karatasi nyeupe, herufi ndogo, ajenda ya vipengele tisa, cha saba kikiwa taarifa ya mweka hazina. Ya pili ni bango jekundu lenye nyundo na mundu, linamuuliza mpita njia kama yeye ni mkomunisti. Mikutano yote ni Jumanne, yote saa moja jioni. Chini akaandika: "Shikamoo mjomba. Wiki hii nina Jumanne tu. Niende wapi?"

Nikamrekodia sauti ya dakika sita. Akajibu kwamba aliisikiliza nusu, usingizi ukampitia. Basi naandika, maana najua hayuko peke yake. Watu wetu waliokuja Uingereza kwa viza za kea tangu 2022 si haba, na aliyekaa hapa miezi mitatu hakosi kuwa ameshikishwa karatasi ya aina moja au nyingine.

Kwanza mjue mizani yangu imeelemea wapi. Nasukuma vitanda hospitalini, na huu ni mwaka wa kumi na tatu nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi wenzangu. Makomredi, yaani wanamapinduzi wa aina ya lile bango, huniita mwanamageuzi, na wakilitamka neno hilo huwa wanakunja pua. Nyumbani ukisema mageuzi watu wanakumbuka vyama vingi na miaka ya tisini. Huku maana yake ni mtu anayeamini kwamba hali ya mfanyakazi hubadilishwa kwa chama, mazungumzo, mgomo inapobidi, na sheria, kipande kwa kipande, bila kusubiri siku dola itakapoanguka. Ndiyo, ni mimi huyo.

Nani ni nani

Upande wangu hauna siri. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUC, lilianza Manchester mwaka 1868. Mwaka 1900 vyama hivyo na wasoshalisti wachache walikutana London wakaunda kamati ya kupeleka wafanyakazi bungeni, na kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Labour. Yaani Labour ilizaliwa na vyama, ingawa mtoto ameshasahau mara nyingi nani alimnyonyesha.

Upande wa pili si mmoja. Kulikuwa na Chama cha Kikomunisti, kilichoundwa 1920 na kujivunja chenyewe 1991. Kulikuwa na Militant, Watrotski, yaani wanamapinduzi wafuasi wa Mrusi Trotsky, walioishi ndani ya Labour kama mpangaji asiyeandikishwa. Leo wengi wao wako Socialist Party. Kuna SWP, yaani Socialist Workers Party, iliyochukua jina hilo 1977. Kuna Revolutionary Communist Party ya 2024, wenye lile bango. Usiwachanganye. Kumwita mtu wa SWP kuwa wa Militant ni kama kumwambia Mpemba kwamba ametoka Unguja.

Wanachokubaliana ni kimoja, na ndicho kinachotutenga nao: kwao mgomo ni shule. Mfanyakazi akigoma anaona dola ilivyo, polisi wako upande gani, viongozi wa vyama wanalegea wapi, na akitoka hapo amekomaa. Kwangu mgomo ni deni. Kila siku ya mgomo ni mshahara uliokatwa, na mtu aliyenifuata nje ya lango ana haki ya kuniuliza atarudi ndani na nini mkononi.

Chumba cha kikao

Anza na jambo dogo, maana ndilo litakalokukuta. Mwaka juzi mama mmoja Mkongo, mfanya usafi, aliitwa kwenye kikao cha nidhamu. Alidaiwa kuondoka kazini kabla ya saa. Barua ilikuwa na tarehe 14, ikamfikia tarehe 17, kikao tarehe 18. Kiswahili chake cha Lubumbashi na changu cha Tanga tulielewana kwa shida mwanzoni, lakini barua ilijieleza yenyewe. Nikaingia naye, nikafungua kitabu cha taratibu za mwajiri, nikaweka kidole kwenye mstari unaosema siku tano za kazi. Afisa akavua miwani, akasoma, akavaa tena. Kikao kikaahirishwa. Siku ya pili ikaonekana kwamba msimamizi wake mwenyewe ndiye aliyemtia saini aondoke. Hakupata hata onyo.

Mlango ule haukufunguka wenyewe. Sheria ya 1999 ndiyo iliyompa mfanyakazi haki ya kuingia kikaoni na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kadi ya chama cha wanamapinduzi haikuingizi mle, hata iwe nyekundu namna gani. Na ukifukuzwa kwa dhuluma, kwenda mahakama ya kazi leo hakuna ada. Kati ya 2013 na 2017 ilikuwapo, ikifika hadi pauni 1,200. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kikaishtaki serikali, kikashinda katika Mahakama ya Juu kabisa Julai 2017. Hakuna aliyeimba siku hiyo. Mawakili walibeba majalada yao wakapanda treni.

Kwenye kipimo hiki sioni hata ushindani.

Ila bei ya njia yetu nayo uijue. Labour waliahidi kwamba mfanyakazi angelindwa dhidi ya kufukuzwa kwa dhuluma tangu siku ya kwanza kazini. Sheria ilipopita Desemba 2025, siku ya kwanza ilikuwa imegeuka miezi sita. Kijana mmoja wa makomredi, anayeuza gazeti lao langoni, alinicheka usoni. Nikamwambia ilikuwa miaka miwili, na wodini kwangu kuna watu wa mwezi wa nane na wa kumi na moja. Akasema hivyo ndivyo wanavyotuzoesha makombo. Tukaachana hapo, kila mtu na hesabu yake.

Namna mbili za kumaliza mgomo vibaya

Mpwa wangu, ukisahau mengine yote hapa, kumbuka hili. Usipime siasa ya mtu kwa namna anavyoanzisha mgomo. Kuanzisha kunahitaji hasira, na hasira haijawahi kuadimika Uingereza. Mpime kwa siku ya kurudi kazini.

Namna ya kwanza ya kuharibu ni yetu sisi. Mei 1926 TUC iliita mgomo mkuu kuwaunga mkono wachimbaji wa makaa ya mawe, waliofungiwa nje kwa kukataa mshahara mdogo na saa ndefu. Treni zilisimama, magazeti hayakuchapwa, bandari zikanyamaza. Siku tisa. Tarehe 12 Mei viongozi wakaenda kwa waziri mkuu wakaufuta, bila dhamana yoyote mkononi, hata ya kwamba waliogoma hawangefukuzwa. Wachimbaji wakaachwa peke yao mpaka Novemba, wakarudi chini kwa mshahara mdogo na saa ndefu zilezile walizozikataa. Wakomunisti hawajaacha kutukumbusha, na wana haki. Ingawa kuna kichekesho kidogo: kaulimbiu yao wenyewe wakati ule ilikuwa madaraka yote yapewe Baraza Kuu la TUC. Yaani baraza lilelile lililosalimu amri.

Namna ya pili ni ya mwaka 1984. Wachimbaji tena, Arthur Scargill, kiongozi wa chama chao, mbele, waziri mkuu Thatcher upande wa pili akiwa amelimbikiza makaa ya kutosha kuwangoja. Scargill hakuwa Mtrotski, lakini aliuendesha mgomo kama wanamapinduzi wanavyoutaka: hakuna kurudi nyuma, na hakuna kura ya nchi nzima. Hapo kwenye kura ndipo nisipoweza kuwaelewa. Wachimbaji wengi wa Nottinghamshire waliendelea kufanya kazi wakisema hawakuulizwa, wakaja kuunda chama chao pembeni. Kila gazeti la matajiri likapata kichwa cha habari cha bure kwa mwaka mzima. Mwanamapinduzi atakwambia mtu hapigi kura kuamua ajira ya mwenzake, na hoja hiyo si ya kijinga. Lakini kura ndiyo inayomnyima udhuru mtu wa kando, na chama kilichoogopa kuwauliza wanachama wake kimeshamwambia mwajiri kinaogopa nini.

Tarehe 3 Machi 1985 wajumbe walipiga kura 98 kwa 91 kurudi kazini, bila makubaliano yoyote. Kule Maerdy, Wales, walirudi nyuma ya bendera yao na matarumbeta, na alfajiri ile wake zao walisimama kando ya barabara. Watu hulia wakiitazama picha hiyo. Mimi pia. Halafu nakumbuka kwamba waliofukuzwa wakati wa mgomo hawakuwa na karatasi hata moja ya kuwarudisha. Mgodi wa mwisho wa makaa wa kina kirefu, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015.

Sisi tulimaliza mapema mno, wao hawakujua kumaliza. Nikiulizwa lipi afadhali, huwa nakwepa nataja la tatu: makuli wa bandari ya London, 1889. Walikuwa wakilipwa peni tano kwa saa, wakataka sita. Wiki tano, watoto wana njaa, fedha ya kuwalisha ikatoka kwa wafanyakazi wa Australia. Viongozi Ben Tillett, Tom Mann na John Burns walikuwa wasoshalisti wakali. Mann alikuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Kikomunisti. Lakini dai lilikuwa peni moja, na askofu mkuu wa Kikatoliki, Kadinali Manning, akaruhusiwa kuzunguka kati ya pande mbili. Wakaipata peni yao, kuanzia tarehe 4 Novemba, si siku ileile waliyoitaka. Watu wale waliota dunia mpya na wakajua kuhesabu sarafu. Kizazi hicho nakililia.

Wanamapinduzi wakiwa waajiri

Mara moja tu Watrotski wa Uingereza walishika mji mkubwa. Kuanzia 1983 Militant ndio waliokuwa na sauti katika halmashauri ya Liverpool, chini ya kivuli cha Labour. Walijenga nyumba za watu wa kawaida kwa maelfu, nyumba zenye bustani, na zinakaliwa hadi leo. Lazima niliseme hilo, maana wenzangu wengi hulimeza.

Kisha wakagombana na serikali ya Thatcher juu ya bajeti, wakagoma kupanga bajeti halali, fedha zikawaishia. Mwaka 1985, kama mbinu ya kununua muda, wakatoa notisi za kuachishwa kazi kwa wafanyakazi wote wa halmashauri, kama 31,000. Barua zikasambazwa kwa teksi. Fikiria wewe ni mpishi wa shule, umekaa na chai yako, teksi inasimama nje, dereva anakupa bahasha. Anayekufukuza ni komredi. Anasema usijali, ni mbinu tu.

Kiongozi wa Labour, Neil Kinnock, aliwararua kwa hizo teksi kwenye mkutano mkuu Bournemouth, na ukumbi ukapasuka, wengine wanashangilia, wengine wanatoka nje. Mimi Kinnock simpendi sana. Lakini kwa mtu wa chama cha wafanyakazi hukumu ni nyepesi: anayekuletea barua ya kukufukuza ni mwajiri, na nia yake aieleze mbele ya wakili.

Mama aliyepitia Tanzania

Sasa nitoe ushahidi dhidi yangu. Agosti 1976, kiwanda cha kusafishia picha cha Grunwick, Willesden, London. Joto kali, kazi za ziada za lazima, ruhusa ya kuomba hata kwenda chooni. Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyekuwa ameishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza, alichukua mkoba wake akatoka. Wengi waliomfuata walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki, kina mama wafupi wenye sari na makoti, watu ambao wazazi wetu waliwajua kwa majina ya maduka yao. Meneja alikuwa amewafananisha wafanyakazi na nyani. Mama yule akamjibu kwamba katika bustani ya wanyama kuna nyani wa kuchezeshwa, na kuna simba wa kung'ata kichwa, na sisi ndio hao simba.

Hawakuwa na chama. Walikitafuta baada ya kutoka. Kiangazi cha 1977 maelfu walijaa barabarani: wachimbaji, wanafunzi, SWP na magazeti yao, mawaziri wawili watatu wa Labour pia. Lakini iliyouma kweli ilikuwa ni barua. Kiwanda kile kiliishi kwa posta, na wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kugusa mifuko yake. Hapo mwajiri alikabwa koo. Na nani aliyeilegeza ile kamba? Viongozi wa vyama, wakiogopa mahakama na kuiaibisha serikali ya Labour. Tume ya serikali ikasema wagomaji warudishwe kazini, mwenye kiwanda akakataa, hakuna aliyemlazimisha. Novemba 1977 Desai na wenzake walikaa bila kula mbele ya makao makuu ya TUC, na chama chao wenyewe kikawasimamisha. Msaada wa TUC aliufananisha na asali kwenye kiwiko: unaihisi, unainusa, kuionja huwezi. Mwaka 1978 mgomo ukaisha patupu.

Kila ninapotaka kumzomea kijana wa gazeti, huwa namkumbuka yule mama. Wanamapinduzi walisimama naye alfajiri kwenye baridi. Watu wa aina yangu walikuwa ndani, ofisini, wakisoma kanuni.

Vivyo hivyo kodi ya kichwa ya Thatcher. Labour waliilaani bungeni huku wakiwaambia watu walipe. Militant walizunguka mtaa kwa mtaa wakiwaambia wasilipe, na mamilioni hawakulipa. Mbunge wao Terry Fields alifungwa mwaka 1991 kwa kukataa kulipa. Kodi ilikufa. Mwenzake Dave Nellist, mbunge wa hapahapa Coventry, alichukua katika mshahara wake wa ubunge kiasi cha mshahara wa fundi tu, kingine akakitoa. Nionyesheni mwanamageuzi aliyefanya hivyo nimnunulie chai.

Ndani ya chumba chao, ndani ya chumba chetu

Mikutano yao ni mitamu, usidanganywe. Utamsikia kijana wa miaka ishirini akieleza kwa nini bei ya mkate imepanda, na utaelewa. Yetu inachosha. Lakini angalia anayeamua. Kwao uongozi hupendekeza orodha ya uongozi ujao, mjadala ukifungwa wote mnazungumza kwa sauti moja, na aliyebaki na sauti yake huondoka. Mwaka 2013 SWP ilipasuka kwa namna ilivyoshughulikia tuhuma za ubakaji dhidi ya mmoja wa viongozi wake: waliosikiliza kesi walikuwa wenzake wa chamani. Mamia waliondoka. Chama cha wafanyakazi nacho kina madhambi yake, hasa viongozi wasiong'oka na chaguzi ambazo karibu hakuna anayepiga kura, ila kipo chini ya sheria na wanachama wanaweza kumburuta kiongozi kwa msajili.

Muda pia. Sisi tutakuomba jioni moja kwa mwezi, ada inakatwa kulingana na mshahara. Wao watakuomba Jumamosi za kuuza gazeti, kikundi cha kusoma, mchango mnono, na simu usiku. Kwa mwanafunzi ni sawa. Kwa mtu wa zamu za usiku anayetuma fedha Muheza kila mwisho wa mwezi, sijui.

Na viza. Uko hapa kwa udhamini wa mwajiri. Ukipoteza kazi, kwa kawaida unapewa siku 60 tu kupata mdhamini mwingine. Mgomo halali, wenye kura na notisi, una kinga ya sheria. Kuacha kazi ghafla kwa sababu mtu amepaza sauti langoni hakuna kinga. Anayekuhimiza ugome hivyo, muulize pasipoti yake ya wapi.

Ingawa, na hapa najipinga tena, hapohapo Coventry Agosti 2022 watu wa ghala la Amazon walikaa kantini wakagoma bila kura yoyote, baada ya kuongezewa peni 50 kwa saa. Hasira tupu. Kisha chama cha wafanyakazi cha GMB kikaja na fomu, kura, notisi, na mgomo halali wa Januari 2023, wa kwanza kwa Amazon nchini. Niliwahi kusimama pale alfajiri: Wasomali, Wahindi, Waromania, Watigrinya, na makomredi wa vyama vitatu wakigombea nafasi karibu na pipa la moto. Julai 2024 ikapigwa kura kuitambua GMB rasmi. Ikashindwa kwa kura 28.

Watu 28. Kijana wa gazeti alisema hilo linaonyesha sheria haitoi kitu. Mimi nilikwenda nyumbani nikifikiria zamu gani haikufikiwa, mlango upi haukugongwa.

Kwa hiyo, mpwa wangu: Jumanne njoo kwenye tawi. Bango usilitupe, gazeti lao linunue langoni, lina kurasa nzuri za historia, na siku ukigoma hao ndio watakaofika kabla ya jua. Kipengele cha nne ni malipo ya watu wa kea, hicho cha mweka hazina unaweza kusinzia. Fika kabla ya saa moja kamili. Akidi yetu ni watu 20, na mwezi uliopita tulikuwa 17, tukakaa nusu saa tunaangalia mlango mpaka chai ikapoa.